Kifaru Kimegoma Porini: Dalili, Sababu, na Mikono Unayohitaji

Ripoti za vifaru vilivyoharibika hufika karakana kwa maneno yaleyale. "Mnyororo umetoka." "Injini inachemka." "Haiwaki." Fundi anakwenda, anakuta sababu ya chuma, anatengeneza, anaandika kitabuni. Wiki inayofuata kifaru kilekile kinarudi na ugonjwa uleule. Miaka niliyokaa na vifaru vya Kisovieti, T-54 na T-55, na ndugu yao wa Kichina, Type 59, imenifundisha kuuliza swali moja kabla sijafungua boksi la spana: mko wangapi, na jana mlilala saa ngapi?

Jibu la swali hilo hunionyesha mahali pa kuanzia. Mnyororo haulegei kwa dakika moja, na chujio la hewa halizibwi na vumbi la kilomita mbili. Vyote viwili ni kazi za jioni ambazo hazikufanyika, na mara nyingi hazikufanyika kwa sababu mikono haikutosha.

Nimepanga maelezo haya kwa dalili. Chini ya kila dalili, sababu ya kwanza ndiyo ninayoikuta mara nyingi zaidi, kwa hiyo usiruke kwenda kwenye ile ngumu. Vipimo kamili vya kukaza bolti, nafasi na misukumo ya oili chukua kwenye kitabu cha gari lako, kwa kuwa gari zinazofanana kwa sura zinatofautiana kwa namba.

Kabla ya dalili: hesabu watu

T-55 ina watu 4: kamanda, mpigaji wa mzinga, mpakiaji wa makombora na dereva. T-72 ina 3, kwa sababu kazi ya mpakiaji inafanywa na mashine iliyo chini ya mnara (kile kichwa kinachozunguka chenye mzinga), inayobeba makombora 22 kwenye gurudumu linalozunguka. Wasomaji wetu wako pande zote mbili: Vickers Mk 3 za Kenya na Challenger 2 za Oman ni za watu 4, na T-90 za Uganda ni za watu 3.

Vitani, mashine ya kupakia inafanya kazi yake vizuri na haichoki. Ila jioni mkisimama, mashine hiyo haishiki nyundo, haibebi dumu la dizeli na haikai lindo. Chukua usiku wa saa 8, kuanzia saa 4 hadi saa 12 alfajiri, lindo la watu wawiliwawili. Mkiwa 4, kila mmoja anakesha saa 4 na analala saa 4. Mkiwa 3, kila mmoja anakesha saa 5 na dakika 20, analala saa 2 na dakika 40. Na hapo sijatoa muda wa mnyororo, mafuta, makombora, mzinga wala chakula.

Tena kamanda ataitwa kupokea amri, na anaweza kukaa huko saa nzima au mbili. Kwa hiyo wale 3 kwa kweli ni 2 katika saa ambazo kazi ni nyingi. Akiugua mmoja malaria, T-55 inabaki na 3 na bado inapigana. T-72 ikibaki na 2, inasogea tu.

Dalili ya kwanza: mnyororo umetoka, au unagonga na kurukaruka

Hili ndilo tatizo nililoitiwa mara nyingi kuliko mengine yote, nami nitakaa hapa.

*Mnyororo umelegea.* Mnyororo wa T-55 una pingili 90 kila upande, zimeungwa kwa pini za chuma bila mpira ndani. Kila kilomita pini inakula tundu na tundu linakula pini. Ulaji wa kila pingili ni mdogo sana, lakini zidisha mara 90 na mnyororo unakuwa mrefu. Mnyororo mpya unarefuka haraka zaidi katika safari za mwanzo, na hapo ndipo vijana wanapodanganyika kwa kuwa machoni unaonekana mzima.

Kipimo cha kwanza hakihitaji kifaa. Simamisha gari mahali pa tambarare na utazame mnyororo wa juu unavyolalia magurudumu. Linganisha kushoto na kulia, kisha linganisha na kipimo cha kitabu. Ukiwa umelegea, kaza kwa gurudumu la mbele. Ukifika mwisho wa kukazia na bado umelegea, toa pingili moja. Usiukaze kupita kiasi ukidhani unajilinda, maana mnyororo uliokaza mno unakula beringi na nguvu za injini, na ukikutana na jiwe hauna nafasi ya kupumua.

*Dereva amekata kona kali mahali pabaya.* Tope zito, mteremko wa ubavuni, mchanga, au kurudi nyuma huku unageuka. Udongo na mawe yanajijaza kati ya gurudumu la meno na mnyororo, mnyororo unapanda juu ya meno, unatoka. Muulize dereva bila kumtisha, maana ukimtisha atakwambia "umetoka wenyewe" nawe utapoteza saa nzima ukitafuta kosa lisilokuwepo. Dawa ni kona ndogondogo nyingi badala ya moja kali, na kusafisha matope kila mnaposimama. Tope likikauka usiku linakuwa kama zege.

*Meno yameliwa.* Pitisha mkono kwenye jino, injini ikiwa imezimwa. Jino lililochoka linakuwa na ncha kama ndoana upande mmoja. Kwenye vifaru vingi pete ya meno inaweza kugeuzwa au kuhamishiwa upande wa pili ili ule uso usioliwa ufanye kazi. Hiyo ni kazi ya watu wengi na winchi, si ya njiani.

*Gurudumu la kukazia limepinda, au fimbo ya springi ya gurudumu imekatika.* Tazama mstari wa magurudumu kutoka mbele: lililoinama au lililoshuka kuliko wenzake linajitaja lenyewe. Porini unaweza kulitoa gurudumu lililokufa, ukafupisha mnyororo, ukajikongoja kwa mwendo wa polepole hadi kwa mafundi. Ni njia ya kutokea pale mlipokwama tu, na ukiifanya ya kwendea mbele utaharibu gurudumu la jirani pia.

Sasa kuurudisha. Mnyororo wa upande mmoja unapita tani moja. Kwa watu 4 kazi inagawanyika vizuri: dereva kitini, kamanda mbele mahali dereva anapomwona akitoa ishara kwa mikono, wawili kwenye mitaimbo, waya na nyundo. Wakiwa 3, mmoja anabaki peke yake na pini. Hapo ndipo watu wanapoumia.

Nilikuwepo jioni moja baada ya mvua. Wafanyakazi wa gari walitakiwa wawe 4, mmoja alikuwa hospitali. Mpigaji alikuwa peke yake kwenye pini, amepiga magoti kwenye tope, tochi ameibana kwa meno. Matundu yalikuwa karibu yakutane. Akachomeka kidole cha shahada kupapasa kama yamelingana. Kamanda alikuwa ameshusha mkono kujifuta uso, dereva akaelewa ndiyo ishara, gari ikasogea upana wa sarafu. Hakupiga kelele. Alisema tu, "Afande, glovu yangu imebaki ndani." Nusu ya kidole nayo ilibaki.

Tangu siku hiyo sheria yangu ni hii: matundu yanapimwa kwa bisibisi au kipande cha nondo, hayapimwi kwa kidole. Injini inazimwa kabla mkono haujakaribia pini. Ishara zinatolewa na mtu mmoja tu, na asiyeonekana na dereva hatoi ishara. Mkiwa 3, msianze mpaka gari ya pili imewaazima mtu. Kamanda mwenzio akikukatalia, panda kwa mkubwa wenu wote wawili.

Simama uite mafundi kama mnyororo umejisokota chini ya tumbo la gari, kama gari imelala ubavu kwenye mteremko, au kama kukwamua kunahitaji waya wa kuvutia na gari zaidi ya moja. Waya ukikatika unafyatuka kama fimbo. Kila mtu akae mbali kuliko urefu wa waya, na vifuniko vya madereva vifungwe.

Dalili ya pili: haina nguvu, inatoa moshi mweusi, inakunywa oili

Anza na chujio la hewa. Namaanisha anza hapo hata kama una hakika ni pampu ya dizeli.

Injini ya T-55 ni ya silinda 12, lita 38.8, mjukuu wa moja kwa moja wa ile ya T-34, kifaru cha Wasovieti cha Vita vya Pili vya Dunia. Na T-34 yenyewe ilishatoa ushahidi. Mwaka 1942 Wasovieti walipeleka moja Marekani ikajaribiwe katika uwanja wa Aberdeen, Maryland. Ilikwenda kilomita 343 tu, injini ikafa kabisa, na Wamarekani walipoifungua walikuta vumbi limekula silinda na pistoni. Walililaumu chujio la hewa. Chujio la T-55 ni bora mara nyingi kuliko lile, lakini injini ni ya ukoo uleule na vumbi la barabara zetu ni lilelile.

Ndani ya chujio hilo kuna kaseti za nyuzi za waya zilizoloweshwa oili. Zitoe, zioshe kwa dizeli safi mpaka dizeli inayotoka haina wingu, ziache zichuruzike, zichovye kwenye oili, ziache zichuruzike tena, zirudishe. Angalia mpira wa kuzibia: ukiwa na ufa, chujio safi halina faida kwa kuwa hewa inapita pembeni yake. Pitisha kidole kwenye bomba la baada ya chujio. Kidole kikitoka na unga, mwite fundi siku hiyohiyo.

Ufanye mara ngapi? Ukiwa gari ya mbele msafarani, kitabu kinatosha. Ukiwa gari ya tano, unavuta vumbi la wanne waliokutangulia, safisha mapema zaidi. Wamarekani walipokuwa jangwani Saudi Arabia mwaka 1990 na 1991 na Abrams zao za injini ya tabini, kusafisha machujio kulikuwa sehemu ya kila siku, pamoja na kujaza mafuta. Walikuwa na watu 4 kila gari, wanaotosha kugawana: mmoja kwenye mafuta, wawili kwenye chujio, mmoja macho nje.

Kazi hii inachukua muda, inachafua, na matokeo yake hayaonekani asubuhi ya kesho. Kwa hiyo ndiyo ya kwanza kurukwa na watu waliochoka. Nimekuta kaseti zimefutwa kwa nje tu kwa kitambaa, kitabuni pametiwa alama ya "imesafishwa". Sikumkasirikia yule kijana. Alikuwa amekesha siku mbili na mwenzake mmoja.

Chujio likiwa safi na moshi bado mweusi, fuata: chujio la dizeli, kisha nozo, kisha muda wa pampu. Nozo na pampu usiguse porini. Moshi wa bluu na oili inayopungua maana yake ringi zimeshaliwa. Usiendelee na safari ukitegemea kuongeza oili. Injini inayokunywa oili inaweza kufa ghafla, na kifaru kilichozima mahali pabaya kinahatarisha pia watakaokuja kukivuta.

Dalili ya tatu: injini inachemka

Mara nyingi ni rejeta iliyozibwa kwa majani, vumbi na oili iliyovujia juu yake. Fungua, piga hewa au maji kutoka upande wa ndani kwenda nje. Kabla ya hapo hakikisha dereva amefungua vile vifuniko vya hewa vya juu ya rejeta. Naona aibu kuandika hili, lakini nimeshaendeshwa kilomita 30 kwenda kutazama kifaru kinachochemka, nikakuta vifuniko vimefungwa tangu asubuhi ya baridi.

Kinachofuata ni maji yamepungua. Tafuta unyevu kwenye mipira na kwenye pampu. Kisha namna ya kuendesha: gia kubwa kwa mzunguko mdogo kwenye mlima inachemsha hata injini isiyo na ugonjwa. Shusha gia. Kisha feni: kama klachi yake inateleza, utaona feni inazunguka kwa uvivu huku injini ina mzunguko mkubwa.

Maji ya kujazia yana historia yake. Maji ya kisima cha pwani yana chumvi, na maji magumu ya bara yanaacha ukoko ndani ya njia nyembamba kama ule wa birika la chai. Tumia maji ya mvua au yaliyoondolewa chumvi, pamoja na dawa ya kuzuia kutu iliyoelekezwa. Mkiwa wachache, anayetumwa maji huchota ya karibu. Mpe mtu wa kumsaidia na dumu safi.

Usifungue mfuniko wa moto. Na usizime injini iliyochemka papo hapo: iache izunguke taratibu dakika chache, isipokuwa kama maji yameisha au geji ya oili imeanguka. Povu la maziwa kwenye oili, au mapovu kwenye maji injini ikizunguka, ni maji na gesi vinavyochanganyika ndani. Hapo zima na usiwashe tena mpaka fundi afike.

Dalili ya nne: haiwaki asubuhi

Betri kwanza. Vichwa vya betri vyenye unga mweupe au kijani vinasumbua zaidi ya betri mbovu. Safisha, kaza, jaribu. Redio iliyowashwa usiku kucha na injini imezimwa ndiyo mnywaji mkubwa, na kwenye gari ya watu 3, anayekaa lindo ndiye anayesikiliza redio, kwa hiyo inabaki wazi hadi alfajiri.

Bomba la dizeli limefungwa, au limeelekezwa kwenye tangi tupu. Kisha hewa kwenye dizeli, hasa kama jana gari ilizimika kwa kuishiwa. Piga pampu ya mkono na uitoe hewa mpaka dizeli ije bila mapovu.

T-55 inaweza pia kuwashwa kwa hewa ya mitungi, na ina kompresa yake ya kuijaza. Tazama geji jioni, si asubuhi. Kamwe usijaze mitungi hiyo kwa oksijeni ya karakana ya kuchomelea. Oksijeni ya msukumo mkubwa ikikutana na oili inalipuka.

Kabla ya kuzungusha injini iliyolala muda mrefu, endesha pampu ya oili ya umeme mpaka geji ipande. Chuma kikavu kinasagana.

Na hatari kubwa ya dalili hii: gari iliyovuka mto, au iliyokaa kwenye mvua kubwa, inaweza kuwa na maji ndani ya silinda. Ukiona injini inagoma kuzunguka kama imegonga ukuta, acha. Usivute kwa gari nyingine ili iwake. Maji hayabonyei, kinachopinda ni mkono wa pistoni. Hapo ni kazi ya fundi.

Dalili ya tano: inavuta upande mmoja, au haikati kona

Pima minyororo. Upande mmoja ukiwa umekaza na mwingine umelegea, gari itavuta, na watu wataanza kufungua breki zisizo na kosa. Minyororo ikiwa sawa, tatizo ni bendi za breki zilizolegea, kisha oili iliyovuja na kulowesha sehemu zinazotakiwa ziwe kavu, kisha klachi iliyopinda kwa joto. Klachi ya T-55 ni sahani za chuma kwa chuma, na dereva anayekanyaga nusunusu anazipinda kwa mlima mmoja.

Bendi zinarekebishwa na aliyefundishwa tu. Nimeona gari iliyorekebishwa vibaya ikajigeuza yenyewe katikati ya kambi, na uhai wa watu ukawa kwenye miguu yao.

Dalili ya sita: mzinga unachelewa, au mashine ya kupakia imekwama

Kwenye T-55 "mashine" ni mtu. Kombora moja la milimita 100 lina uzito wa takriban kilo 30, na gari inabeba 43. Kuijaza ni kubeba kiasi cha tani moja na robo kwa mikono, kutoka chini hadi juu ya gari, halafu ndani kupitia mdomo wa mnara. Mpakiaji aliyefanya hivyo jioni bila msaada hatapakia haraka kesho. Jazeni wote 4 kwa mnyororo wa mikono, kamanda akiwemo.

Kwenye T-72, ikikwama: angalia nguvu ya umeme kwanza, maana betri dhaifu inasimamisha mzunguko katikati. Kisha uchafu na mabaki ya ganda. Kisha kombora lililokaa vibaya kwenye kikapu chake. Zima umeme wa mashine kabla ya kuingiza mkono wowote, na mtu mwingine asikae karibu na swichi. Kuna njia ya kuzungusha kwa mkono. Jizoezeni mkiwa kambini, mchana, bila haraka.

Baada ya kupiga, bomba la mzinga la T-55 lina urefu wa zaidi ya mita 5, na ufito wa kusafishia unataka watu watatu hadi wanne wanaosukuma kwa pamoja. Ukiwa na 3 na mmoja yuko lindo, ungana na gari jirani: safisheni la kwanza, kisha la pili. Msisafishe nusu kila moja.

Kombora lililogoma kulipuka ndani ya mzinga si tatizo la kutafutiwa dawa katika maelezo kama haya. Mzinga ubaki umeelekea upande salama, subirini muda ulioamriwa, iteni wataalamu wa risasi. Halichokonolewi, halisukumwi kwa ufito.

Dalili ya saba: makosa madogo yanaongezeka

Hii haiandikwi kwenye kitabu cha gari, nami naiona ndiyo mama wa zile sita. Kifuniko cha dizeli kimesahauliwa wazi. Spana imeachwa juu ya injini. Dereva amejibu "sawa" na hakufanya. Mtu ameweka alama ya tiki mahali ambapo hakugusa. Ukiona mawili katika ya namna hiyo kwa siku moja, acha kutazama chuma, tazama watu.

Sababu ya kwanza ni usingizi. Ya pili ni kazi zilizorundikwa kwa mtu mmoja. Hili si jipya: kifaru cha kwanza cha Waingereza mwaka 1916 kilikuwa na watu 8, na 4 kati yao walihitajika kukiendesha tu. T-34 ya mwanzo ilikuwa na 4, lakini kamanda alikuwa pia mpigaji, kwa hiyo akilenga haoni kinachokuja ubavuni. Mwaka 1944 ikaja T-34-85 yenye mnara wa watu watatu, jumla 5, na kamanda akarudishiwa macho yake. Baada ya vita watu walipunguzwa tena, na kila aliyetoka aliacha kazi zake za jioni kwa waliobaki.

Wasovieti walijua. Gari ya watu 3 inakuwa ndogo na nyepesi, T-72 ni takriban tani 41 wakati Abrams inapita 60, na kikosi chao cha vifaru 3 kilikuwa na watu 9 ambapo cha Wamarekani cha vifaru 4 kina 16. Hesabu yao iliwataka mafundi wa batalioni waje mbele wakiwa na gari lao na afisa wao wa ufundi. Tatizo linaanza kwa jeshi linalonunua gari ya watu 3 na kusahau kununua mafundi. Maoni yangu, baada ya kuinua minyororo mingi: ukiwa na uwezo wa kuchagua, baki na 4. Ukiwa na 3, basi kila kikosi kidogo kiwe na wasaidizi wake kwenye lori la nyuma, wanaowajua wenye gari kwa majina.

Dawa ya usiku wa leo, wakati mko wachache: ziunganisheni gari mbilimbili. Gari moja inalinda, nyingine inafanya kazi, kisha mnabadilishana. Pangeni kazi kwa umuhimu: mnyororo, chujio, oili na maji, dizeli, makombora. Kupaka rangi na kung'arisha kusubiri. Dereva alale kabla ya wengine wote, na kamanda ashike spana bila kuona haya.

Usilale chini ya kifaru wala mgongoni mwa minyororo yake. Ardhi ikilowa usiku, tani 36 zinazama taratibu bila sauti. Mtu aliyechoka haamki. Na dereva akisinzia mara mbili usukani, gari inasimama, hata kama msafara mzima utapiga kelele.

Ukimwita fundi kwa redio

Mwambie mahali, aina ya gari, na dalili kama ilivyoonekana, bila kumtajia ugonjwa uliobuni. Mwambie umeshakagua nini na umekuta nini. Mwambie udongo ukoje, tope au mwamba, na gari imeinama upande gani. Halafu mwambie idadi ya watu wanaoweza kusimama na kubeba: si waliomo kwenye karatasi, walio wazima saa hiyo. Ukisema 4, nitakuja na msaidizi mmoja na jeki. Ukisema 2, nitapakia watu kwanza, ndipo nipakie spana.